Klachi ya pikipiki imekuwa ngumu? Anza na waya kabla hujafungua injini

Wakuu, hii ni kwa wale ambao ndo wameshika pikipiki juzi juzi hapa kwetu Kigoma, awe ni wa boda pale Mwanga au mwalimu anayekwenda zake Mwandiga kila asubuhi, na sasa klachi imeanza kuwa ngumu mpaka jioni vidole vya kushoto havikunjiki. Wengi wakifika hapo wanaenda kijiweni, fundi klachi ngumu, fundi anabana mara mbili anasema aah hizo pleti zimeisha hizo, kava linafunguliwa, oili inamwagwa, pleti mpya zinaingia, hela imeenda, na kesho yake klachi ngumu vilevile. Sasa kwanini? Kwa sababu pleti (zile sahani za ndani ya klachi zinazobanana kupeleka nguvu ya injini kwenye tairi) zikiisha klachi haiwi ngumu, pleti zikiisha klachi inateleza, injini inanguruma we hupandi mlima. Ugumu wa mkononi ni kesi nyingine kabisa na mara nyingi kesi yenyewe iko nje ya injini, kwenye waya na leva, vitu ambavyo unaweza kuvishughulikia mwenyewe kwa spana mbili, plaizi na saa moja hivi chini ya mwembe.

Kabla hujashika spana jua kwanza unavuta nini. Leva inavuta waya, waya unavuta kimkono kidogo cha chuma kilichoko ubavuni mwa injini (kwa pikipiki nyingi tunazotumia huku, Boxer, TVS na hizi za Kichina, kiko upande wa kulia juu ya kava la klachi), kimkono kinazunguka na kusukuma, na kule ndani zile springi zinazobana pleti zinasukumwa mpaka pleti zinaachiana. Basi. Springi ndo kitu pekee chenye haki ya kukupinga. Ugumu mwingine wote unaousikia juu ya hapo ni msuguano, kuna sehemu inakwaruza. Na springi hazina tabia ya kuwa ngumu kadri siku zinavyoenda, zikichoka zinalegea, kwaiyo klachi iliyokuwa laini ikawa ngumu polepole ndani ya miezi, usiilaumu springi, angalia ukavu, uchafu na kutu. Ila kama ilikuwa laini jana, leo imetoka kwa fundi imekuwa chuma, hapo kuna kitu kimebadilishwa au kimefungwa vibaya, na swali la kwanza la kumuuliza ni "fundi, umeweka springi gani, na waya umeupitishia wapi?"

Haya, sasa kipimo chenyewe, na ndo kitu kikubwa kwenye maandishi haya yote. Ugawe mfumo vipande viwili. Zima pikipiki, iache ipoe kabisa maana bomba la moshi liko hapohapo upande unaofanyia kazi, isimamishe kwa dabo stendi. Nenda pale kwenye leva, kuna adjasta yenye nati nyembamba ya kufungia, legeza hiyo nati, alafu zungusha adjasta iingie ndani yote ili waya ulegee. Ukiona bado umekaza, legeza na nati za kule chini kwenye injini, mara nyingi ni spana namba 10 au 12. Chomoa waya kwenye kile kimkono cha injini. Sasa rudi juu ubane leva, waya ukiwa hauvuti kitu chochote.

Ikiwa leva bado ni nzito, au inakwaruza, au ukiiachia inarudi kivivu, ugonjwa uko kwenye waya au leva, injini haihusiki, usimruhusu mtu afungue kava. Ikiwa leva sasa inaenda kama haina kitu, geukia kimkono cha injini, kishike kwa plaizi na kitambaa ukizungushe taratibu. Kitaanza na kauchezaji kadogo halafu kitagonga ukuta wa springi, hapo kinakuwa kigumu na ndivyo kinavyotakiwa, we unachosikiliza siyo ugumu, unasikiliza kama kinaenda kwa ulaini au kinakata kata, na ukikiachia kama kinarudi chenyewe. Kama huna cha kulinganisha nacho omba jirani kijiweni mwenye pikipiki kama yako, ubane ya kwake, ubane ya kwako. Mkono unajifunza haraka sana ukipewa vitu viwili vya aina moja.

Tuanze na leva kwa sababu ndo rahisi na ndo inasahaulika. Pale inapozungukia kuna boliti moja, na hapo ndo vumbi letu jekundu linapokaa kiangazi chote, mvua zikianza mwezi wa 10 au 11 linageuka tope, tope linakauka, unabaki na kitu kama simenti. Fungua boliti, toa leva, futa pande zote kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, angalia tundu lisiwe limekula upande mmoja, paka grisi kidogo kwenye boliti na kwenye kile kitobo kinachokaa kichwa cha waya, maana kichwa hicho kinatakiwa kizunguke kadri unavyobana, kisipozunguka waya unakunjika palepale kila siku mpaka nyuzi zinaanza kukatika. Ukirudisha boliti usiikaze kwa hasira. Ukiikaza kupita kiasi masikio ya kishikio (kile chuma kinachoishika leva kwenye usukani) yanaibana leva katikati na umejitengenezea klachi ngumu kwa mkono wako, ndo maana kuna nati ya chini, boliti ikae kawaida, nati ndo ifunge. Na kama pikipiki ilishawahi kulala upande wa kushoto, iangalie leva kwa macho ya mbali, ikiwa imepinda au kishikio kimezunguka kikaangalia juu, vidole vinavuta kwa pembe mbaya. Zile leva fupi za urembo nazo, sitaki kugombana na mtu, lakini leva ikiwa fupi unavuta karibu na boliti na lazima iwe nzito, hiyo ni hesabu tu haina ushabiki.

Sasa waya. Hapa ndo wagonjwa wengi walipo.

Kabla ya kuuchomoa piga picha kwa simu njia yote unayopita, kuanzia kwenye leva, mbele ya usukani, nyuma ya taa, chini ya tangi, mpaka kwenye injini. Alafu funga uzi mrefu kwenye ncha ya waya ya juu, ukiuvuta waya utokee chini uzi unabaki umepita njia ileile, kesho kutwa ukirudisha unafuata uzi, hutakuwa unabahatisha. Ukishautoa, ulaze mezani ufanye hivi: nyoosha gamba la nje, shika waya wa ndani kwa vidole viwili uvute mbele na nyuma. Unatakiwa uteleze kirahisi. Ukisikia unakwama sehemu moja, kunja nyoosha gamba pale uone kama limepondeka. Kisha pitisha kitambaa laini kwenye ncha zote mbili za waya wa ndani, kitambaa kikinasa maana ake kuna nyuzi zimekatika, na waya wenye nyuzi zilizokatika hautibiwi kwa oili, nyuzi zile zinakwaruza ndani ya gamba na zinaendelea kukatika moja moja mpaka siku utakayobaki barabarani. Huo badilisha. Waya wa klachi ni wa elfu chache tu, ni kati ya spea za bei nafuu kuliko zote kwenye pikipiki, hauna sababu ya kuuonea huruma.

Kama waya ni mzima ila mkavu, ndo unaulainisha. Wajuzi wanatengeneza kikombe kwa mfuko wa plastiki, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na mi naona sirinji ya duka la dawa ni nzuri zaidi, ile ya mililita 10 bila sindano. Tafuta kipande kifupi cha mpira mwembamba (hata mpira wa petroli wa zamani unafaa), upande mmoja ubane mdomo wa sirinji, upande mwingine uvae juu ya mdomo wa gamba la waya, funga na uzi au selotepu isivuje. Ning'iniza waya wima, ncha ya juu ndo unayopigia, chini weka kopo. Piga kwanza mafuta ya taa kidogo kuosha, utaona yanatoka meusi au mekundu ya kutu, rudia mpaka yatoke masafi masafi, uuache wima ukauke, alafu piga oili nyepesi huku unavuta waya wa ndani juu chini. Ikianza kutoka oili safi kule chini umemaliza. Mafuta ya cherehani yanafaa sana. Oili mpya ya injini inafaa pia ila ni nzito kwaiyo ipe muda, hata ukiuacha uning'inie usiku mzima ni sawa.

Visivyofaa ni vingi na watu wanavitumia kila siku. Oili chafu iliyomwagwa kwenye injini ina vumbi la chuma, unaweka msasa kwenye waya. Grisi nzito haipiti ndani, inaziba mdomo na kukusanya mchanga, grisi ni ya boliti na vichwa vya waya tu. Na huku kwetu nimeona watu wanatia mawese jamani. Mawese ni ya mgebuka na maharage. Asubuhi ya baridi yanaganda yenyewe kwenye chupa, ndani ya waya yanaganda hivyohivyo, yakikaa yanakuwa gundi, wiki ya kwanza utasifia wiki ya tatu utavuta kwa mikono miwili. Kuna kitu kimoja zaidi, baadhi ya waya za siku hizi zina bomba jeupe la plastiki ndani ya gamba, ukichungulia mdomoni unaliona, hizo zinateleza zenyewe, ukiona kwenye pakiti wameandika usitie mafuta basi usitie, futa tu uchafu wa mdomoni.

Kutu inatoka wapi? Watu wa Kibirizi na Ujiji wanasingizia upepo wa ziwa. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, halina chumvi ya bahari ya kula vyuma hivyo. Maadui ni mvua na ile kuosha pikipiki kwa presha, kijana anaelekeza bomba moja kwa moja kwenye leva na kwenye mdomo wa waya, maji yanaingia ndani ya gamba yanakaa hayana pa kutokea. Kile kimpira cheusi kinachofunika adjasta hakikuwekwa kwa urembo, kikichanika nunua kingine, na ukimpa mtu pikipiki aoshe mwambie kabisa mdogo wangu hapo tumia kitambaa.

Njia ya waya nayo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Waya unataka kona pana. Ukifunga kishika simu, mwavuli, taa za ziada, ukabana kila kitu kwa zipu (zile kamba za plastiki za kufungia) kwenye usukani, waya unapigwa kona kali na unasugua gamba kila unapobana, kama kamba ya ndoo inayosugua ukingo wa kisima. Kata zipu zilizoubana sana, upite kwenye vile vishikio vyake vya asili, uwe huru kidogo usukani ukigeuka. Na usukani ndo kipimo: ukisharudisha kila kitu, geuza kushoto mpaka mwisho ubane, geuza kulia mpaka mwisho ubane. Ulaini uwe uleule na uchezaji wa leva uwe uleule. Ikibadilika, waya umebanwa au unavutwa mahali, usiondoke hapo kabla hujapaona.

Kurudisha na kuseti. Rudisha waya kwa kufuata uzi wako, vaa ncha zote mbili, adjasta ya juu iache karibu imeingia yote ndani, kisha seti kule chini kwenye injini kwa zile nati mbili, moja inasukuma nyingine inafunga. Ukishafika karibu, malizia na adjasta ya juu kidogo kidogo. Unachotafuta ni uchezaji, yani leva iende kidogo bure kabla haijaanza kuvuta. Kwa pikipiki nyingi za ukubwa huu ni milimita 2 mpaka 3 pale shina la leva linapokutana na kishikio, ambayo kwenye ncha ya leva inakuwa kama milimita 10 mpaka 20, lakini ukiwa na kitabu cha pikipiki yako fuata kitabu. Kaza nati za kufungia, watu wengi wanasahau hii, unaseti vizuri halafu mtikisiko wa barabara ya vumbi unairudisha.

Hapa naomba nikazie kidogo. Adjasta hailainishi klachi. Inasogeza tu mahali klachi inapoanza kushika. Kuna jamaa wanaikaza mpaka uchezaji unaisha kabisa wakidhani leva "itashika vizuri", matokeo yake pleti hazibanani sawasawa muda wote, zinateleza, zinaungua, na sasa ndo kweli utanunua pleti. Ukilegeza sana nako, klachi haiachii vizuri, gia zinaingia kwa kelele na nyutro huipati ukiwa umesimama.

Tuseme umefanya yote hayo, leva inateleza, waya ni mpya au umelainika, ila ukiunganisha bado nzito. Hapo sasa ndo kimkono cha injini. Kwanza safisha shina lake pale linapoingia kwenye kava, piga brashi toa tope, dondoshea oili kwenye mzizi, kizungushe mbele nyuma mara nyingi, wakati mwingine inatosha kabisa. Alafu angalia pembe: ukibana leva mpaka pale klachi inapoachia, waya na kimkono viwe karibu na digrii 90. Kikiwa kimeelekea sana upande mmoja, waya unavuta kwa kulalia na nguvu nyingi inapotea, na hiyo inatokea sana pale mtu alipokitoa akakirudisha kwenye jino la shina ambalo siyo lake, au ulipofungwa waya wa pikipiki nyingine ambao ni mrefu au mfupi kidogo. Shina likiwa limeshika kutu ndani, au bado linakata kata, hapo mwite fundi, kava linafunguliwa, oili inatoka, gasiketi mpya inahitajika, na ukiwa mgeni usijifunzie hapo peke yako. Ila unaenda kwa fundi ukiwa na maneno: waya nimeshautoa, leva iko huru, tatizo liko kwenye kimkono. Fundi mzuri atafurahi. Na ukiwa hapo mwambie akuangalizie springi kama ni za pikipiki yako kweli, kuna wanaoweka springi ngumu za kubebea mizigo makusudi, klachi haitelezi lakini mkono wako ndo unalipa.

Kabla ya kupakia abiria jaribu. Injini imezimwa, weka gia ya 1, bana leva, sukuma pikipiki, itembee. Achia leva, ikatae. Kisha washa, bana, ingiza gia ukiwa umeshika breki, pikipiki isiruke wala isijivute. Zunguka mtaani mara moja, mlima mdogo hivi, injini ikipanda kelele na mwendo haupandi rudi uongeze uchezaji.

Oili ya injini haifanyi leva iwe ngumu lakini naisema kwa sababu pleti za pikipiki hizi zinaogelea kwenye oili ileile ya injini. Tumia ya pikipiki yenye maandishi JASO MA (alama ya oili inayofaa klachi zinazokaa ndani ya oili), zile oili za magari madogo zenye viteleshi zinafanya pleti ziteleze. Na ukiwa unapanda kutoka stesheni kwenda Mwanga na madumu mawili ya mawese nyuma, usiishikilie pikipiki mlimani kwa nusu klachi, shika kwa breki, ukisimama muda mrefu weka nyutro uachie leva. Mkono unapumzika, waya unapumzika, pleti hazipikwi.

Kulainisha waya, kila mwanzo wa mvua na kila mwisho wake kunatosha kwa mtu wa kawaida, wa boda ongeza katikati. Matone mawili ya oili kwenye boliti ya leva unaweza kutia hata kila wiki.

Na siku waya ukikatika njiani, mfano katikati ya Kigoma na Kasulu, bado unaweza kufika nyumbani kama barabara ni nyeupe. Teremsha abiria na mzigo, hiyo siyo safari ya watu wawili. Washa ukiwa nyutro, isukume kwa miguu mpaka itembee, ikiwezekana kwenye mteremko, ndo ubonyeze gia ya 1, itashtuka kidogo alafu itakwenda. Kupandisha gia achia mafuta mara moja ubonyeze palepale, kaa gia za chini, na kabla ya kusimama rudisha nyutro mapema na umalizie kwa breki, maana usipofanya hivyo itakusukuma mbele au itazima. Mjini penye watu shuka ukokote. Ule waya uliokatika usiutupe, nenda nao dukani, uweke ubavu kwa ubavu na mpya, pima gamba kwa gamba na waya wa ndani kwa waya wa ndani na vichwa vyote viwili, ndo ulipe.